Mwaka Niliomwacha Mbwa Angurume

Kabla mazishi hayajaanza Marwa alinivuta nyuma ya turubai akaniambia niseme mema tu. "Mama Neema, dakika mbili," alisema. "Na uyaseme yale ya fimbo yake. Watu wanayapendaga." Marwa ni mtoto wa kwanza wa Mzee Wambura, ana mvi kunizidi, na msiba ulikuwa wa baba yake mzazi, kwa hiyo nilikwenda kukaa kwenye kiti changu cha plastiki. Tulikuwa nyumbani kwao Butiama, watu wamejaa mpaka barabarani, masufuria yanachemka upande wa migomba. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema lilelile: Wambura wa mbwa, mkono wa chuma, mzee ambaye hakuna mbwa aliyewahi kumwonyesha jino, mwanaume ambaye hakurudi nyuma hata siku moja. MC akalirudia mara tatu ili liingie vizuri. Nilikunja mikono juu ya kanga yangu kwa hasira. Mimi nilikuwepo siku aliyorudi nyuma. Nimekula, nimesomesha watoto na nimejenga Musoma kwa kile nilichokiona siku ile, na sasa nilikuwa nasikia watu wazima wanaifukia siku yenyewe pamoja na mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na jina langu lilikuwa chini huko, nikasikia kuna mzee huko Bunda anatafuta msichana wa jikoni. Nilipofika ndipo nikaambiwa jiko lenyewe ni la mbwa. "Utawapikia wao kwanza, sisi baadaye," mke wa mzee, Mama Wegesa, aliniambia bila kucheka, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Jiko lilikuwa kibanda cha mabati mabovu, mafiga matatu, na sufuria kubwa la shughuli lililokatika sikio moja. Asubuhi nilisonga ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, mweusi, mzito, wa kuchosha mabega. Pembeni nachemsha mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki wakishatoa minofu, yaliyokuja kwa magunia kutoka Musoma. Harufu ile iliingia kwenye nywele ikakataa kutoka. Sokoni wanawake walinipisha njia. "Binti wa mbwa huyo, nani atamuoa?" mmoja alisema nikiwa nachagua nyanya, na alihakikisha nasikia. Nikamwambia atakayenioa mimi atakuwa na pua mbovu na moyo mzuri, na kwamba wa kwake yeye ana pua nzuri tu. Nyanya ilibidi nikanunue kwingine.

Mzee Wambura alikuwa fundi wa mbwa. Watu walimletea mbwa wa kawaida, wa kulala kwenye jivu, awarudishie mbwa mkali. Kazi alijifunzia kwenye ulinzi wa mgodi, mgodi gani hakusema, na mengine aliyaokota kwa watu. Mbwa alifungiwa ndani ya pipa lililotobolewa matundu tangu asubuhi mpaka jua linazama, asizoee sura za watu. Ugali wake ulichanganywa na pilipili. Na kulikuwa na manyigu: mzee alichoma kiota, wadudu wakatwangwa kwenye kinu, wakatiwa kwenye mchuzi, ili hasira ya nyigu ihamie kwa mbwa. Msicheke. Bunda waliamini, Mugeta waliamini, na aliyeshika mchi ni mimi. Kuna siku mbwa alinyemelea sufuria nikampiga kwa mwiko wa ugali mpaka ukavunjika, mzee akanisifu, na nikafurahi kusifiwa. Nayasema haya kwa sababu wanaoniletea mbwa wao leo wanadhani nilizaliwa na huruma. Sikuzaliwa nayo. Niliipata nikiwa mkubwa, na mwanzoni ilinitia aibu mbele za watu.

Baada ya mvua za kwanza alikuja Machumu, mfugaji wa Mugeta, na mbwa wake wa kahawia aliyekatwa ncha za masikio. Mbwa aliitwa Watasema. Huku kwetu mtu akigombana na jirani anaweza kumpa mbwa jina lenye ujumbe, halafu kila jioni anamwita kwa sauti ya juu, na hakuna wa kumshtaki. Machumu na jirani yake walikuwa wanagombea mpaka wa shamba la pamba. Sasa alitaka Watasema alinde zizi, maana fisi walikuwa wamechukua ndama wake. "Nataka mtu akimwona tu ajikojolee," alisema. "Ila mimi mwenyewe nimshike ninavyotaka. Akiningurumia mimi, hiyo ni dharau." Mzee akaitikia kwa kichwa. Hilo la dharau lilikuwa sheria pale uani. Mbwa kumngurumia mwenye mali ilikuwa sawa na mtoto kumjibu baba yake, na mtoto wa kumjibu baba yake sote tulijua anafanywaje.

Kwa hiyo somo la kwanza lilikuwa la bakuli. Naweka chakula, Watasema anaanza kula, mzee anakuja na fimbo, anainama, anavuta bakuli. Mbwa anakaza mwili, ananguruma, fimbo inashuka. Kesho tena, keshokutwa tena. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni mwa jiko na ndoo yangu, macho hayana kazi nyingine, basi yakaona. Niliona kwamba kabla ya kunguruma alikuwa analamba midomo ambayo haina chakula. Alikuwa anageuza uso pembeni. Alikuwa anapiga mwayo katikati ya kula, na nani anapiga mwayo chakula kikiwa mdomoni? Nilimwambia mzee, "Anapigaga mwayo ukikaribia." Akasema, "Mvivu." Fimbo ikaongezwa kwa ajili ya uvivu. Wiki ya tatu mwayo ukaisha, kulamba kukaisha, na siku moja mzee alivuta bakuli na Watasema hakutoa sauti kabisa. Alisimama tu. Mzee akanigeukia uso umefunguka. "Umeona? Ameshika adabu." Jioni ile tulikula sato wa kukaanga, mzee alinunua mwenyewe, na nikiwa naosha vyombo nilimsikia kupitia ukuta wa matope anamwambia mkewe kwamba huyu ndiye mbwa atakayemtangaza mpaka Tarime. Mama Wegesa akamuuliza mbona mbwa mwenyewe hamtazami mtu.

Pasaka nikaomba ruhusa kwenda nyumbani, upande wa Nyegina, tunapoanika dagaa. Tulikuwa wanawake watano kwenye mchanga, tunageuza dagaa kwa fagio juu ya nyavu chakavu, mbwa wamelala pembeni wanasubiri kutupiwa furu, wale samaki wadogo wasio na bei. Chini ya mtumbwi uliopinduliwa kulikuwa na jike ananyonyesha. Dume moja likamsogelea, jike likanguruma, kidogo tu, halijainuka hata. Lile dume likageuza uso, likanusa mchanga kama lililosahau kitu, likaondoka. Hakuna aliyeumwa. Jambo lilikwisha kabla halijaanza. Nikabaki nimeshika fagio, na nyuma yangu shangazi alikuwa anasimulia habari za mwanamke wa kitongoji cha pili.

"Alikuwaga anagomba kila siku," shangazi alisema. "Mumewe akampiga, akampiga, mpaka akanyamaza. Jamaa anatembea anatamba, sasa nina mke. Wiki mbili hazijaisha, ametoka ziwani amekuta nyumba nyeupe. Hata mwiko hakuachiwa."

"Si angemwacha agombe," mwingine akasema. "Angalau angejua yuko wapi naye."

Wakacheka, wakaendelea kugeuza. Mimi sikucheka. Nilikuwa namwona Watasema amesimama kimya juu ya bakuli lake. Mzee alidhani amemtoa mbwa hasira. Alichomtoa ni mlio tu, hasira ameiacha ndani, na mlio ndio uliokuwa unatulinda sisi. Nilimwambia shangazi narudi Bunda kesho. Akaniuliza kuna mchumba? Nikasema kuna mbwa. Akanifungia mfuko wa dagaa, akasema basi nimsalimie huyo mbwa.

Nilichelewa. Nilipofika getini Machumu alikuwa tayari uani, amekuja kumchukua mbwa wake, na mzee anamwonyesha jinsi ya kuvuta bakuli. "Shikamooni. Mzee, naomba asimguse," nilisema, mfuko bado begani. Mzee alinitazama kwa jicho la kuniambia tutaongea baadaye. Machumu akainama. Watasema hakunguruma, hakukaza mwili, hakuonyesha jino. Tulijua kwamba ameuma pale Machumu alipopiga yowe. Damu ilidondoka kwenye ugali. Mama Wegesa alimburuta Machumu mpaka kwenye ndoo, akausugua mkono ule kwa sabuni na maji, akamimina, akasugua tena, huku mwenye mkono anadai panga.

"Mkimuua leo hamtajua kama ana kichaa," nilisema. Hilo nilikuwa nimelisikia kwa bwana mifugo siku ya chanjo, kwenye foleni ya mbwa, na sikujua kama lina maana mpaka nilipolitamka. Bwana mifugo mwenyewe akaitwa. Akatoa amri bila kukaa chini: Machumu aende hospitali sasa hivi akachomwe sindano, asisubiri kuona mbwa ataonyesha nini. Mbwa afungwe mnyororo, asiguswe na mtu, aangaliwe siku kumi. Machumu alikwenda, mkono umefungwa kwa kitenge cha Mama Wegesa, na akiwa getini akageuka. "Siku ya kumi na moja narudi na panga langu. Awe na kichaa, asiwe nacho, kwangu hana kazi."

Tulipobaki peke yetu mzee akaniuliza nimetumwa na nani kumvunjia heshima mbele ya mteja. Mdomo wangu ulikataa kutulia. "Tumemharibu sisi, mzee. Alikuwa anatuambia kila siku kwamba anaogopa. Tukampiga kwa kutuambia. Sasa ameacha kusema, anauma tu." Mzee akasema kazi hii ameifanya kabla sijazaliwa. Nikasema mimi ndiye ninayesimama pale na ndoo kila siku, na yeye anatazamaga bakuli, mimi natazamaga mbwa. Aliinua mkono. Nilifumba macho nikisubiri kofi, na kofi halikuja. "Mwache binti ajaribu," Mama Wegesa alisema kutoka jikoni. "Kwani chakula chao anapika nani?" Mzee akakaa kwenye kigoda akanipa masharti. Siku ya kumi na moja ataliendea bakuli yeye mwenyewe. Asipoumwa, mbwa ataishi. Akiumwa, panga la Machumu lifanye kazi yake, na mimi nifungashe.

Nilimfunga Watasema kwenye kivuli cha mpera, pipa nikalipindua lisimkumbushe. Nikachora mstari wa jivu mahali mnyororo wake unapoishia, na sikuuvuka mstari ule hata mara moja, maana bwana mifugo alinionya na nina vidole kumi ninavyovipenda. Bakuli nililisukuma kwa ufito. Akianza kula, natembea kwa mbali, natupa dagaa moja karibu na bakuli, naondoka. Hiyo tu. Mtu amekuja, ameongeza, ameondoka, hajachukua kitu. Dagaa mia kwa siku, nadhani. Natazama mdomo, jicho, mkia, mabega. Akilamba midomo nasimama. Akigeuza uso narudi nyuma hatua. Majirani walijipanga kwenye uzio wa minyaa. "Anambembeleza mbwa. Huyu atamnyonyesha kesho." Niliwaambia anayetaka kubembelezwa apange foleni nyuma ya mbwa. Bwana mifugo alipita na baiskeli yake kila siku, akatazama macho na jinsi anavyomeza maji, akaandika, akaenda. Mzee alikaa kwenye kigoda anashona mkanda wa ngozi, mkanda uleule siku zote kumi, na sindano ilikuwa haiendi.

Siku ya sita Watasema alipiga mwayo. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye mstari, akaacha kula, akapiga mwayo mkubwa, akageuza uso. Nililia. Mtu mzima mwenzangu unayesoma, sijui kama umewahi kulia kwa sababu ya mwayo, lakini mimi nililia, nikarudi nyuma hatua mbili, na nikamwona mabega yanashuka. Alikuwa amesema kitu na mtu amemsikia. Nilipogeuka mzee alikuwa ananitazama. Hakusema mvivu safari hii. Mchana nilimpelekea ugali na furu wa kuchemsha, akala, halafu akauliza, akiwa anatazama sahani, "Na mkia ukikaza unakuwaga na maana gani?"

Siku ya kumi na moja Machumu alifika mapema, panga chini ya kwapa, mkono una bandeji safi. Bwana mifugo alishasema mbwa hana kichaa, na Machumu alishasema hajali. Majirani wamejaa kwenye minyaa. Niliweka bakuli. Mzee aliinuka na, kwa mazoea tu, naapa ni kwa mazoea, akachukua fimbo yake. Nilimwona Watasema anaiona fimbo. Akaacha kula, akakaza mwili, akalamba midomo, akageuza uso, na mzee anazidi kwenda. Ndipo akanguruma. Sauti ilianzia chini tumboni, mlio ambao hakuna aliyeusikia tangu wiki ile ya tatu, ikajaa uani kote. Kwenye minyaa watu waliruka. Machumu akatoa panga. "Si mnaona? Yuleyule." Na mzee, mkono wake ukapanda na fimbo, kama ulivyopanda miaka yote.

"Mzee, rudi nyuma," nilisema. "Anakuomba. Rudi nyuma."

Nilijua nimemwambia nani na mbele za nani. Binti wa jikoni, ananuka mapanki, anamwamuru Wambura wa mbwa mbele ya mteja na mbele ya majirani waliokuja kucheka. Shingo yake ilikuwa imetuna. Alimtazama mbwa, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mbwa badala ya bakuli. Kisha akarudi hatua moja. Mlio ukashuka. Akarudi ya pili. Mlio ukaisha, na Watasema akashusha mabega, akapumua, akatingisha mwili wote kama aliyetoka majini. Mzee aliitupa fimbo chini, akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama, nikamjazia dagaa kiganjani. Alitupa moja, akasubiri. Akatupa nyingine. Alichukua muda mrefu kiasi kwamba nusu ya majirani walichoka wakaondoka, na mwisho alifika mahali bakuli lilipokuwa, akaliongezea chakula, akaondoka na vidole vyake vyote.

"Mbwa gani huyu wa kuombwa ruhusa?" Machumu aliuliza.

"Yule aliyekuuma hakukuambia," nilimjibu. "Huyu anakuambia. Unamtaka yupi?"

Hakumtaka yeyote. Alirudi Mugeta na panga lake safi, na Watasema akabaki pale uani akiwa mbwa wa mzee. Sitasema Mzee Wambura aliokoka siku ile. Fimbo aliishika tena mara kadhaa, niliona, na nikimwambia alinuna siku nzima. Lakini manyigu hakuchoma tena. Mapipa Mama Wegesa alitunzia mahindi. Na wateja waliotaka mbwa asiyenguruma kwa mwenyewe aliwaambia wakanunue sanamu. Watasema alizeeka mlangoni kwake, masikio yake mafupi yale, na kila mgeni aliyekaribia sana alingurumiwa kidogo, akasimama, na hakuna hata mmoja aliyeumwa. Mimi nilikaa mpaka mwaka ukaisha, kisha nikaja Musoma kuanza kazi ambayo watu waliiita wendawazimu. Bado wapo wanaoiita hivyo. Wanaume wananiletea mbwa wananiambia, mama, mnyooshe huyu, na mimi nawauliza kwanza amekwambia nini mpaka ukamchoka. Wengine wanachukua mbwa wao wanaondoka. Waende tu.

MC aliponitaja kule Butiama, nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikawasalimia. Nikasema: "Mmesema huyu mzee hakurudi nyuma hata siku moja. Alirudi. Nilikuwepo. Alirudi hatua mbili, mbele ya mteja wake na majirani zake, kwa sababu mbwa alimwomba, na mbwa yule akaishi. Wenye fimbo hapa mkoani Mara wamejaa, mnaweza kumsifu yeyote. Huyu tunayemzika ndiye niliyemwona anaiweka chini." Kwenye mkeka wa wafiwa Mama Wegesa aliinua uso akanitazama. Marwa alisimama. "Mama Neema, inatosha," alisema, na nyuma yake wanaume wakaanza kunguruma, safu kwa safu, mpaka MC akaanza kunisogelea kuchukua kipaza sauti. Nilisubiri kila mwenye la kunguruma angurume, maana ni haki yake. Kisha nikamwambia Marwa bado sijamaliza, nikaanza kuwasimulia habari za bakuli.